Sorbitoli: Utamu usio sukari, uliomo katika dawa ya meno na dawa za watoto

MKAZI wa Nyalenda au Kondele anayeamka alfajiri na kupiga mswaki huwa ameonja sorbitoli kabla hajaonja chai. Mtoto wake akishikwa na kikohozi na kununuliwa dawa ya maji, yaelekea atanywa kiasi kingine. Kijana anayetafuna chingamu isiyo na sukari ndani ya matatu ya kuelekea Ahero anaitafuna hiyo hiyo, na losheni nyingi zinazouzwa katika soko la Kibuye zina kiungo hicho au ndugu yake wa karibu, gliserini.

Hata hivyo, ni wachache wanaolijua jina lake. Jambo hili linashangaza kidogo katika eneo ambalo limeishi kwa miwa kwa zaidi ya miaka 100, tangu kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilipojengwa Miwani mnamo mwaka wa 1922. Watu wa Muhoroni na Chemelil wanaweza kumweleza mgeni tofauti ya sukari guru, molasi na sukari nyeupe bila kusita. Lakini utamu uliomo katika dawa ya meno hautoki katika miwa yao, wala kitaalamu hauhesabiwi kuwa sukari.

Sorbitoli ni mojawapo ya kemikali ambazo wanasayansi huziita alkoholi za sukari. Wenzake ni zailitoli, manitoli, maltitoli na erithritoli. Jina hilo la jumla ndilo chanzo cha utata wa kwanza. Neno alkoholi humfanya mtu afikirie chang'aa, au spiriti inayotengenezwa kutokana na molasi katika kiwanda cha Agro-Chemical kilichoko Muhoroni. Kwa Waadventista wa Kendu Bay, ambao kanisa lao lilianzisha misheni ya Gendia mwaka wa 1906 na ambao hawagusi kileo, na vile vile kwa Waislamu wa mji huo huo na wa Kisumu, si swali dogo kuuliza kama dawa ya meno ina pombe.

Jibu ni kwamba sorbitoli si kileo. Katika kemia, alkoholi ni jina la familia kubwa ya viungo ambavyo vyote vina muungano fulani wa oksijeni na haidrojeni. Ethanoli, ile inayolevya, ni mwanafamilia mmoja tu. Sorbitoli ina miungano sita ya namna hiyo katika kila molekuli, na ikiingia mwilini haileweshi hata ikinywewa kwa kikombe. Madhara ya kikombe hicho yangejitokeza kwingine, kama itakavyoelezwa hapa chini. Ikumbukwe hata hivyo kwamba baadhi ya dawa za maji na maji ya kusukutulia kinywa huwa na ethanoli yenyewe pamoja na sorbitoli. Anayetaka kuiepuka aangalie kama kibandiko kimetaja neno alkoholi peke yake, au ethanoli, na asihangaishwe na sorbitoli.

Asili ya sorbitoli ni matunda. Mwanakemia Mfaransa, Jean-Baptiste Boussingault, ndiye aliyeitenga mara ya kwanza mwaka wa 1872 kutoka katika tunda la mti wa Ulaya ambao jina lake la kisayansi ni Sorbus, na ndipo jina lilipopatikana. Mapea, matofaa na plamu zilizokaushwa zina kiasi kikubwa cha kiungo hicho, na hiyo ni mojawapo ya sababu za plamu hizo kutumiwa tangu zamani na watu waliofunga choo. Siku hizi viwanda haviisubiri miti. Wanga wa mahindi, ngano au muhogo huvunjwa hadi ukawa glukosi, kisha glukosi hiyo hupitishiwa haidrojeni kwa shinikizo kubwa, nikeli ikitumiwa kuharakisha mchakato. Kinachopatikana ni maji mazito matamu yanayosafirishwa kwa mapipa, au unga mweupe.

Sababu ya watengenezaji kuipenda haihusiani sana na utamu. Sorbitoli ni tamu kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya sukari ya kawaida, kwa hivyo kama ni utamu pekee wangetafuta kitu kingine. Kinachowavutia ni tabia yake ya kushikilia maji. Dawa ya meno iliyoachwa wazi juu ya sinki ingekauka na kuwa kama chaki katika joto la mchana la Kisumu lau si sorbitoli au gliserini iliyomo ndani. Katika dawa nyingi za meno, hasa zile zinazong'aa kama jeli, sorbitoli ndiyo jina la kwanza au la pili katika orodha ya viungo, maana yake ni kwamba ndiyo iliyo nyingi kuliko karibu vyote vingine. Katika losheni huzuia ngozi isikauke. Katika chingamu huifanya ibaki laini.

Katika dawa za maji ina kazi nyingine ambayo kila mzazi ameiona bila kujua. Dawa iliyotiwa sukari ya kawaida huacha chengachenga ngumu kwenye mdomo wa chupa, na baada ya siku chache kifuniko hukwama. Sorbitoli haigandi kwa urahisi namna hiyo. Tena huficha uchungu wa dawa, na humwezesha mtengenezaji kuandika kwamba bidhaa yake haina sukari.

Kwa upande wa meno, sifa zake ni za kweli ingawa hutiwa chumvi na matangazo. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Sorbitoli huwa ngumu kwao kuisaga, kwa hivyo asidi inayotokea ni kidogo na huchukua muda mrefu. Zailitoli ni bora zaidi, kwani bakteria wakuu wanaosababisha meno kuoza hawawezi kabisa kuitumia kama chakula. Uchunguzi mashuhuri kuhusu jambo hilo ulifanyiwa Turku, Finland, katika miaka ya 1970. Lakini chingamu haichukui nafasi ya mswaki, na kinachokinga jino hasa katika dawa ya meno ni floridi. Zamani Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kuwa mtu mzima. Siku hizi ni magego yanayong'olewa, bila sherehe, na mara nyingi chanzo chake ni peremende na soda.

Sasa tumbo. Utumbo mwembamba wa binadamu huifyonza sorbitoli polepole na kwa sehemu tu. Inayobaki huteremka hadi kwenye utumbo mpana, ambako mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, inavuta maji kama ilivyoyavuta ndani ya dawa ya meno. Pili, bakteria wa huko huichachua na kutoa gesi. Matokeo ni tumbo kuunguruma, kujaa upepo na kuharisha. Ndiyo maana hospitali huitumia sorbitoli yenyewe kama dawa ya kulainisha choo.

Kiasi kinachomdhuru mtu hutofautiana. Wapo wanaojaa gesi baada ya gramu tano au kumi, na watu wazima wengi huanza kuharisha wanapofikia gramu 20 hadi 50 kwa siku. Nchini Marekani, chakula ambacho mtu anaweza kukila hadi akapata gramu 50 za sorbitoli kwa siku lazima kiwe na onyo kwamba kinaweza kulainisha choo, na kwa manitoli kiwango hicho ni gramu 20. Umoja wa Ulaya nao hudai onyo kama hilo kwa chakula ambacho zaidi ya asilimia 10 yake ni viungo hivi.

Mwaka wa 2008 madaktari wa Berlin waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu na kukonda bila sababu kujulikana. Mmoja, mwanamke wa miaka 21, alikuwa amepungua kilo 11. Vipimo vyote havikuonyesha ugonjwa. Hatimaye alipoulizwa anakula nini, ikabainika kwamba alikuwa akitafuna chingamu zisizo na sukari mchana kutwa, na kwa njia hiyo kumeza kati ya gramu 18 na 20 za sorbitoli kila siku. Alipoacha, akapona.

Kisa hicho kinachekesha kikisomwa kutoka mbali. Kando ya Ziwa Victoria, ambako kipindupindu na magonjwa mengine ya kuharisha hurudi mara kwa mara, si cha kuchekesha hata kidogo. Mtoto mchanga anayeharisha hupoteza maji kwa saa chache. Ikiwa mtoto huyo anapewa dawa mbili au tatu za maji kwa wakati mmoja, na zote zimetiwa sorbitoli, yawezekana kuhara kwake kunatokana na dawa zenyewe au kunazidishwa nazo. Mhudumu wa afya asiyejua mtoto anakunywa nini hana njia ya kulitambua hilo, na ndiyo maana inafaa mzazi abebe chupa zote anapokwenda kliniki. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayoufanya mwili ushindwe kuitumia fruktosi. Kwa kuwa ini huigeuza sorbitoli kuwa fruktosi, kwa watoto hao ni hatari kubwa.

Kwa wagonjwa wa kisukari, alkoholi za sukari zina faida ya kweli. Sukari ya kawaida hutoa kalori nne kwa gramu, sorbitoli hutoa kalori 2.6, zailitoli 2.4, nayo erithritoli 0.2 pekee. Aidha, hazipandishi sukari ya damu kwa kasi. Lakini biskuti iliyoandikwa kuwa haina sukari bado ni unga wa ngano na mafuta, na unga huo hugeuka glukosi mwilini kama ugali unavyogeuka. Mgonjwa anayekula pakiti nzima kwa kuamini maneno ya kwenye karatasi hujidanganya mara mbili, kwa sukari na kwa tumbo.

Suala lililowahusu zaidi wakazi wa ukanda huu, hata hivyo, halikuwa katika biskuti wala chingamu. Lilikuwa katika chupa za dawa za watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini, na kwa muda mrefu watoto wadogo walipewa dawa za kupunguza makali kwa njia ya maji, kwa kuwa hawakuweza kumeza vidonge.

Mojawapo ya dawa hizo ni lamivudini. Katika utafiti uliojulikana kwa jina la ARROW, uliofanywa nchini Uganda na Zimbabwe kwa watoto 1,206, wataalamu walipima pia kiasi cha dawa kilichofika katika damu ya baadhi ya watoto wa Uganda walipobadilishiwa kutoka dawa ya maji hadi vidonge. Waligundua kwamba walipokuwa wakinywa dawa ya maji, lamivudini iliyofika katika damu ilikuwa ndogo kuliko ile ya vidonge. Dawa ni ile ile. Nini kilichokuwa kikiizuia?

Kampuni yenye dawa hiyo ikafanya jaribio kwa watu wazima 16 wenye afya. Walipewa lamivudini ya maji peke yake, na kisha pamoja na viwango vitatu vya sorbitoli: gramu 3.2, gramu 10.2 na gramu 13.4. Jumla ya dawa iliyofika katika damu ilipungua kwa asilimia 14, 32 na 36 kwa kufuatana na viwango hivyo. Kiwango cha juu kabisa cha dawa katika damu kilipungua hata zaidi, kikashuka kwa asilimia 28, 52 na 55. Ile tabia ya sorbitoli ya kuvuta maji na kuharakisha mwendo wa tumbo ndiyo inayodhaniwa kuiondoa dawa kabla haijafyonzwa. Mwaka wa 2017 maelezo rasmi ya lamivudini yalibadilishwa, na sasa yanashauri dawa hiyo isitumiwe pamoja na dawa zenye sorbitoli inapowezekana kuepuka.

Ni rahisi kuona ugumu wa ushauri huo katika zahanati ya Mbita au Usenge. Mtoto mwenye virusi hakuwa akinywa dawa moja. Dawa ya maji ya abakaviri ilitiwa sorbitoli, ya nevirapini vile vile, na baadhi ya septrini za maji, ambazo watoto hao hupewa kila siku ili kuwakinga dhidi ya magonjwa nyemelezi, zina sorbitoli pia. Mama aliyetembea kilomita kadhaa na kuzipima zote kwa bomba la sindano bila kukosea hata tone, alikuwa akimpa mtoto dawa na kizuizi cha dawa katika pumzi moja. Yeye hakuwa na kosa. Kiungo hicho huhesabiwa kuwa kisicho na kazi ya kutibu, na viungo vya namna hiyo havikuwa vikichunguzwa kwa makini kama dawa yenyewe.

Kilichosaidia mwishowe ni kuachana na chupa. Vidonge vinavyoyeyuka katika maji safi kidogo vilichukua nafasi ya dawa za maji. Mwaka wa 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza kuwapa watoto dolutegraviri ya miligramu 10 ya aina hiyo. Vidonge hivyo havihitaji friji, havichukui nafasi katika mashua inayokwenda kisiwani, na mtoto havitemi kama alivyoitema ile dawa chungu ya lopinaviri. Anayepewa dawa ya maji ya lamivudini hadi leo kwa sababu yoyote ile, basi, hana budi kumwuliza mfamasia kuhusu dawa nyingine anazompa mtoto. Si sababu ya kusimamisha dawa hata siku moja.

Manitoli, ndugu mwingine, ina historia yake fupi katika eneo hili la malaria. Hudungwa mshipani ili kupunguza uvimbe wa ubongo, na palikuwa na matumaini kwamba ingewaokoa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya kichwa. Madaktari wa hospitali ya Mulago jijini Kampala waliijaribu kwa watoto 156, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba dozi moja haikuwafanya wazinduke mapema zaidi wala haikupunguza vifo. Haitumiwi tena kama tiba ya kawaida ya malaria hiyo.

Kuhusu moyo, mjadala haujaisha. Watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka wa 2023 uchunguzi kuhusu erithritoli, na mwaka wa 2024 mwingine kuhusu zailitoli. Waliona kwamba watu wenye viwango vikubwa vya viungo hivyo katika damu walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili wenyewe pia hutengeneza viungo hivyo kwa kiasi kidogo, kwa hivyo kuonekana pamoja na ugonjwa si ithibati kwamba ndivyo vilivyouleta. Sorbitoli haikuwa shabaha ya uchunguzi huo. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliposhauri mwezi Mei mwaka wa 2023 kwamba viungo vya utamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza unene, lilisema wazi kwamba ushauri huo hauhusu alkoholi za sukari. Jambo moja halina ubishi: zailitoli ni sumu kali kwa mbwa. Peremende chache zinaweza kuishusha sukari yake ya damu hadi akafa.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitokani na sorbitoli safi. Inatokana na kitu kinachofanana nayo.

Dayethilini glaikoli ni kemikali ya viwandani, mojawapo ya zile zinazotiwa katika mafuta ya breki. Ndugu yake, ethilini glaikoli, hutiwa katika maji ya rejeta ili yasigande katika nchi za baridi. Zote mbili hazina rangi, ni nzito kidogo na ni tamu. Pipa la kemikali hizo likiwekwa kando ya pipa la gliserini au sorbitoli ya maji, jicho na ulimi haviwezi kutofautisha. Bei, lakini, hutofautiana, na hapo ndipo matapeli huingia. Ndani ya mwili kemikali hizo huua figo. Mtoto huumwa na tumbo, hutapika, kisha mkojo hupungua hadi ukakoma.

Maafa haya yana historia ndefu. Mwaka wa 1937 zaidi ya watu 100 walikufa nchini Marekani kwa dawa ya maji iliyoyeyushwa katika dayethilini glaikoli, na mkasa huo ndio uliozaa sheria ya mwaka wa 1938 inayodai dawa zithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Nchini Nigeria, watoto 84 walikufa kati ya mwaka wa 2008 na 2009 kwa dawa ya kutuliza maumivu ya kuota meno. Nchini Panama mwaka wa 2006, dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na maabara ya serikali iliua watu wengi. Kilichodhaniwa kuwa gliserini kilikuwa kimetoka China, kikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Hispania, na cheti chake kikidai kwamba ni safi kwa asilimia 99.5. Hakuna aliyefungua pipa na kupima.

Mwaka uliofuata, mnunuzi mmoja katika mji mkuu wa nchi hiyo, Eduardo Arias, alisoma kibandiko cha dawa ya meno dukani na kuliona jina la kemikali iliyowaua wananchi wenzake, limeandikwa waziwazi katika orodha ya viungo. Wengine walikuwa wameipita rafu hiyo kila siku. Alikwenda kuripoti kwa maafisa wa afya. Uchunguzi uliotokana na hatua yake ulionyesha kwamba dawa za meno za aina hiyo zilikuwa zimefika katika nchi 34, Kenya ikiwemo.

Kati ya mwaka wa 2022 na 2023 mkasa ulirudi kwa kishindo. Mwezi Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji kutoka India zilizohusishwa na vifo vya makumi ya watoto nchini Gambia. Kufikia Januari 2023 shirika hilo lilikuwa likizungumzia zaidi ya vifo 300, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, katika Gambia, Indonesia na Uzbekistan. Lilizitaka serikali na viwanda kupima malighafi zinazoweza kuchanganywa na sumu hiyo, na katika orodha yake sorbitoli ilitajwa pamoja na gliserini na propilini glaikoli. Mwaka wa 2025 zaidi ya watoto 20 walikufa nchini India kwenyewe, katika jimbo la Madhya Pradesh, baada ya kunywa dawa ya kikohozi ambayo karibu nusu yake ilikuwa dayethilini glaikoli. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 0.10.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa. Kinaweza kufanyiwa katika maabara ya kawaida ya dawa. Lakini lazima kifanyiwe kwa kila pipa, na kabla dawa haijachanganywa, kwa sababu pipa moja katika shehena laweza kuwa safi na la pili likawa na sumu. Hiyo ni kazi ambayo mnunuzi hawezi kujifanyia. Awezalo ni kununua dawa katika duka lililosajiliwa, kukataa chupa iliyofunguliwa au isiyo na nambari ya uzalishaji na tarehe, na kuihifadhi chupa hadi mtoto apone. Mtoto aliyepewa dawa ya maji akiacha kukojoa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo pamoja na chupa hiyo.

Kenya ilipata kionjo cha jambo hili mwezi Aprili 2024. Tarehe 10 mwezi huo shirika la kusimamia dawa la Nigeria, NAFDAC, lilitangaza kwamba vipimo vyake vimepata kiwango kikubwa cha dayethilini glaikoli katika dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin, fungu lenye nambari 329304 lililotengenezwa Afrika Kusini. Siku iliyofuata Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya iliamuru fungu hilo liondolewe madukani na kuwataka wenye maduka, hospitali na wazazi waache kulitumia mara moja. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa pia Tanzania, Rwanda, Eswatini na Afrika Kusini. Kampuni inayoimiliki, Kenvue, ilisema kwamba vipimo vyake yenyewe havikukuta sumu hiyo.

Fungu hilo lilikuwa limetengenezwa mwezi Mei 2021, na tarehe yake ya mwisho ya kutumiwa ilikuwa Aprili 2024. Tangazo la kuliondoa lilitoka katika mwezi wa mwisho wa uhai wake, baada ya kukaa sokoni kwa karibu miaka mitatu.